Tumbusi wa Machimboni

Asubuhi hiyo ng'ombe wetu alikataa kukamuliwa. Nilimwosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu kama kawaida. Nikampa pumba. Wapi! Alirusha teke, ndoo ikaenda upande wake na mimi upande wangu.

"Tulia basi, mama," nilimwambia. "Najua."

Nilijua kweli. Usiku fisi alikuwa amemuua ndama wake. Alikuwa ndama jike, mzuri, tuliyemtegemea awe ng'ombe wetu wa pili. Tulimkuta karibu na uzio, ameliwa nusu, kamba bado iko shingoni.

Mimi nikikasirika huwa nasema. Mume wangu, Baba Pacha, husema kuliko mimi. Majirani wakitusikia hudhani tuna wageni. Lakini asubuhi hiyo hakufungua mdomo. Aliupakia mzoga kwenye mkokoteni, akaenda nao kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Aliporudi alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Kisha akachukua debe la maziwa kidogo niliyopata kwa shida.

"Umemzika?" nilimuuliza.

"Nimemwandalia fisi chakula chake cha mwisho," alisema. Akaondoka kwenda kituo cha maziwa.

Jibu hilo halikunikaa vizuri. Nilifagia banda, nikalifagia tena. Nilianika nguo, nikazianua zikiwa bado mbichi. Moyo ulikataa kutulia. Nikaingia stoo kutafuta jembe, na hapo nikaona chupa ya dawa ya kupulizia nyanya. Ilikuwa sakafuni, haina kifuniko. Ndani hamna kitu.

Mungu wangu!

Nje nikasikia pikipiki ya daktari wa mifugo. Ni mwanamke mfupi, mwepesi. Watu humwita Daktari Buti kwa sababu huvaa mabuti ya mpira hata akienda harusini. Alikuja kumchanja ng'ombe. Nilimweleza mambo yote kwa pumzi moja, chupa nimeishika mkononi.

"Chupa yote?" aliuliza.

"Yote."

"Tangu saa ngapi?"

"Jua lilikuwa halijatoka."

Akarudisha sindano kwenye mkoba. "Panda."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe atasubiri. Panda, Mama Pacha!"

Tulimkuta Baba Pacha kwenye foleni ya maziwa, kati ya wafugaji wenzake. Daktari hakuzima hata pikipiki.

"Umeuweka wapi mzoga huko machimboni?"

Mume wangu alinitazama mimi kwanza. Nikamkazia macho.

"Nimemwekea fisi," alisema. "Kuna ubaya gani? Kamla ndama wangu."

"Fisi anakula usiku. Sasa hivi ni asubuhi. Unajua nani wanakula asubuhi? Tumbusi."

"Tumbusi?" Baba Pacha akacheka kwa hasira. "Wale wenye vipara? Wakifa wale, nani atalia?"

"Hata wewe una kipara," nilimwambia, "na hatujakutilia sumu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Daktari hakucheka. Alikuwa anatazama angani, upande wa machimbo.

"Nisikilize, ndugu yangu," alisema. "Tumbusi mmoja akishuka kwenye mzoga, wenzake humwona kutoka mbali, nao hushuka. Mzoga mmoja wenye sumu unaweza kuua ndege wengi sana kwa siku moja. Na jike hutaga yai moja tu kwa mwaka. Yai moja! Kuku wako hutaga mangapi?"

Baba Pacha alisogeza debe lake hatua moja kwenye foleni.

"Wamepungua mno. Kuna nchi ambazo karibu wanakwisha kabisa, na sumu ndiyo inayowamaliza zaidi. Hawa wakiisha, hakuna soko la kununua wengine."

"Na mimi nimepoteza ndama, Daktari."

"Pole sana. Nakuonea huruma kweli. Lakini niambie, wakati wa ukame ng'ombe walikufa ovyo kule malishoni. Wewe uliona mizoga ikioza?"

Alifikiri. "Sikuona. Ilibaki mifupa."

"Nani aliisafisha? Wewe?"

"Sio mimi."

"Ni hao wenye vipara. Hula nyama iliyooza, hata yenye magonjwa, na mara nyingi haiwadhuru. Wasipokuwepo, mizoga hukaa. Mbwa wa kuzurura hushiba na kuongezeka, na kichaa cha mbwa huongezeka nao. Halafu unaletewa ugonjwa mlangoni."

Daktari alikuwa anazungumza huku anapiga buti lake chini. Nami nilikuwa nauma kucha. Mume wangu alitutazama, akatazama angani, na nikauona uso wake ukibadilika.

"Mahali penyewe ndani ya machimbo pamejificha," alisema. "Ni mimi tu ninayepajua. Twendeni."

Tulibanana watatu kwenye pikipiki, na debe la maziwa katikati. Barabara ya machimbo ni mashimo matupu. Kila tuliporuka, maziwa yalinimwagikia mapajani. Sikujali. Nilikuwa nasema tu, "Kaza mwendo, Daktari, kaza!"

Tulipofika, tumbusi walikuwa wanazunguka juu yetu. Wengine walikuwa wamejaa kwenye mti mkavu ukingoni mwa machimbo. Chini, wawili walikuwa tayari juu ya mzoga.

Baba Pacha aliruka kabla pikipiki haijasimama. Alishuka mbio kwenye kokoto, anapiga debe kwa kifuniko, anapiga kelele.

"Tokeni! Tokeni! Hiyo ni sumu! Msile!"

Alisema nao kama watu. Maziwa yote yalimmwagikia suruali. Wale wa mtini wakaruka, mbawa zao zikavuma, wakapanda juu. Wale wa angani wakasogea mbali. Lakini wawili wa chini hawakuruka. Mmoja alijaribu, akaanguka ubavu. Mwingine alisimama anatetemeka, kichwa kimeinama.

"Usiwaguse mikono mitupu!" Daktari alipaza sauti. Akatugawia glovu. Akamdunga kila mmoja sindano ya kupunguza makali ya sumu, haraka haraka. Aliyekuwa anatetemeka tulimweka ndani ya boksi la Daktari la nyuma ya pikipiki. Aliyeanguka alimpa Baba Pacha amshike, ili asijiumize kwenye mawe.

Alifia mikononi mwake. Mume wangu aliendelea kumshika hata baada ya Daktari kusema, "Basi, mlaze chini."

Daktari alimpigia simu askari wa wanyamapori. Alipokuja tuliuchoma mzoga wote, pamoja na ndege yule, hadi ukawa majivu, tukayafukia kwenye shimo refu. Askari hakumficha mume wangu. Alimwambia kwamba kuwategea wanyamapori sumu ni kosa, na angeweza kumkamata. Alimwonya tu kwa sababu alikuja kuuondoa mzoga mwenyewe.

Mchana Daktari Buti alirudi kwetu kumchanja ng'ombe. Akaona kipande cha kamba ya ndama kilichobaki kwenye uzio.

"Ndama alikuwa amefungwa hapa? Peke yake?"

"Lazima awe mbali na mama yake," nilimweleza. "Akilala naye, ananyonya usiku kucha. Asubuhi tutakamua nini?"

"Wafugaji wa maziwa karibu wote mnafanya hivyo," alisema. "Mnamfunga ndama nje, gizani, hawezi hata kukimbia. Sasa mnataka fisi afanyeje? Apite akisalimia tu?"

Nilitaka kubisha. Badala yake nikakifungua kile kipande cha kamba.

Alituchorea kwa kijiti pale chini. Ndama alale ndani ya banda, chumba chake kiwe ubavuni mwa mama yake. Katikati kuwe na mbao zilizobanana. Atamsikia mama na kumnusa, lakini hatanyonya. Mlango uwe na komeo. Chini tuzungushie mawe makubwa, maana fisi huchimba.

Baba Pacha alianza kazi jioni ileile. Tuligombana kuhusu kila ubao, kama kawaida yetu, lakini chumba kilisimama.

Tumbusi wa kwenye boksi alipona. Daktari alimwachia huru kulekule machimboni, nasi tukaenda kumtazama. Mwaka uliofuata ng'ombe alizaa tena, jike tena. Asubuhi moja tuliona nyayo za fisi zimelizunguka banda lote, na pale kwenye mawe alikuwa amejaribu kuchimba. Ndama alikuwa ndani, ananililia maziwa.

Juzi, kwenye foleni ya maziwa, fundi wa baiskeli alisema fisi amemlia ndama wake mmoja, na yeye amebakiwa na mmoja tu. Akauliza nani ana dawa ya nyanya. Aliuliza kwa sauti ndogo. Sote tulielewa ni ya nini.

Baba Pacha aliweka debe chini.

"Umewahi kumshika tumbusi?"

"Nimshike wa nini? Uchafu ule!"

"Mimi nilimshika, akafa kwa sumu yangu. Uzito wake ulikuwa kama wa pacha wangu walipokuwa wachanga. Alinitazama mpaka mwisho. Hakuwa amemuua ndama wangu yule. Hakuwa amenikosea chochote."

Fundi alitazama viatu vyake.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza. "Huyu aliyebaki ataliwa leo usiku."

"Una mbao?"

"Ninazo chache."

"Misumari?"

"Sina."

"Ninayo mimi. Twende, jua halijawa kali."

Wakaondoka pamoja. Mume wangu aliniachia debe zito na foleni yote ile. Siku nyingine ningemfokea mpaka kituo kizima kisikie. Siku hiyo nilisogea taratibu na foleni, machozi yananitoka mbele za watu, wala sikuona haya.