Mtoto wa Nne wa Bibi Musukebba

Kila alfajiri, kabla ya kwenda chuoni, Nyima Sanyang alifagia uani, akachota maji bombani, kisha akampelekea baba yake uji wa mtama chumbani. Zamani baba, seremala hodari, ndiye aliyewaamsha wote kwa mlio wa randa. Sasa saratani ya tezi dume ilikuwa imemlaza kitandani.

Jumanne moja alifika Daktari Haddy Njie, mtafiti kutoka Banjul. Ugonjwa huohuo ndio uliomuua babu yake Nyima, kwa hiyo daktari alitaka kuijua nasaba ya nyumba ile. Alimpa Nyima kalamu aiandike, kwa kuwa hati yake nzuri ilisifiwa mji wote wa Brikama.

"Ndani ya damu mna maandishi madogo mno," alieleza, "nayo mtoto huyarithi kwa wazazi wake. Tunatafuta kosa katika maandishi hayo, linalowaletea wanaume wa ukoo mmoja maradhi haya. Kila ndugu wa damu apimwe. Akiwahiwa, aghalabu hutibika. Bibi, ulijaaliwa wana wangapi?"

"Watatu," alijibu Bibi Musukebba, mama yake baba. "Kebba huyu mgonjwa, Malang na Dembo."

Kalamu ya Nyima ilisita. Walikuwa wanne. Wa nne ni Fansu, fundi wa kinu cha mpunga mtaa wa pili, ambaye Bibi alimtoa siku alipomwachisha ziwa, akampa shoga yake Sira, asiyejaaliwa kizazi. Mtaa mzima ulijua, na hakuna aliyesema. Kwa desturi yao, mama aliyetoa mtoto hamtaji tena kuwa wake, asije akaonekana anadai zawadi. Nyima naye alilelewa asimpinge mkubwa mbele ya mgeni. Akaandika watatu.

Siku ya tatu alitumwa kinuni.

"Karibu, mla wali!" Fansu alimtania. "Leo umeleta gunia, au umeleta njaa tu?"

Akacheka kicheko kilekile cha baba yake Nyima. Kisha akaomba radhi, akaenda msalani, akarudi, na punde akaenda tena.

"Uzee huo, binti," alisema aliporejea. "Mkojo unanisumbua kama mkwe asiye na kazi."

Nyima hakucheka. Baba yake naye alianza hivyohivyo.

Aliporudi nyumbani alimkuta Bibi akipeta mchele, akapiga magoti. "Bibi, niwie radhi. Nimeandika uongo."

"Umeandika nilichosema mimi."

"Ndiyo, Bibi, na ndicho kinachoniuma. Ami Fansu ana dalili alizoanza nazo baba."

Haikuwahi kutokea katika nyumba ile mtu kumwita Fansu ami. Ungo ukatulia mikononi mwa Bibi.

"Nilimpa Sira kwa moyo mweupe. Leo nikamwambie nini? Nirudishie?"

"Sikuambii umdai, Bibi. Ustadhi wetu wa chuoni ametufundisha kwamba mtoto wa kulea huitwa kwa jina la baba aliyemzaa. Dini yetu imetusifia kulea, haikuturuhusu kuficha nasaba."

Bibi aliuweka ungo chini, machozi yakimlengalenga. Kisha akajitanda mtandio, akatoka kwenda kwa Sira, Nyima akimfuata.

Sira alipolisikia jambo lile alijipiga paja. "Musukebba wee! Miaka hamsini mimi naogopa kukutajia, nawe unaogopa kunitajia! Tungemzika mwana wetu kwa sababu ya ustaarabu tu?"

Asubuhi iliyofuata mama hao wawili wakampeleka Fansu hospitali, mmoja huku, mmoja huku, naye akinung'unika, "Niacheni mikono, mama zangu! Mnanipeleka kama mwari!"

Uvimbe ulionekana kweli, lakini ulikuwa ungali mdogo, na matibabu yakaanza mwezi uleule. Baba yake Nyima aliendelea na dawa zake. Daktari hakuwaahidi zaidi ya hapo. Nyima aliiandika nasaba upya, wana wanne, na Fansu akatoa damu yake kwa ajili ya utafiti.

Jioni moja Bibi alimketisha mjukuu wake kando yake mkekani.

"Nyima, nilikufundisha kunyamaza mbele ya wakubwa, nikasahau kukufundisha namna ya kusema nao. Hilo umejifunza peke yako, ukanifunza na mimi. Heshima inayoficha kweli ni woga uliovaa kanzu. Ukiona kweli itaokoa roho ya mtu, itie adabu, kisha iseme."