Alipima Gauni, Akasahau Uso

Walikutana kwenye foleni ya dirisha la dawa, saa ambayo kila mtu anamsukuma mwenzake. Yeye nesi, anatoka zamu, gauni jeupe limenyooka kwa pasi ila macho yamelegea kwa usingizi. Mpiga picha mmoja aliyekuwa mbele yake akampisha, na kabla dawa hazijatolewa walishachekeana. Mwezi haukuisha, wakawa watu wa kupigiana simu kutwa.

Siku moja akampiga picha kwa filamu, ile ya nyeusi na nyeupe. Wakati huo nesi alikuwa ameitiwa kazi hospitali ya mbali, na jibu lilitakiwa Ijumaa jioni. Moyoni alishasema, huyu akinipa sababu ya kubaki, nabaki, hata ndoa nafunga. Picha ikaja. Gauni limekuwa la kijivu kama maji ya kudekia, na uso, jamani, weusi mtupu. Jicho halionekani, shavu halionekani.

"Mimi niko wapi hapa?" nesi akauliza.

"Si hapo kwenye giza, laazizi," akajibu, anacheka.

Hebu fikiria, mwanamke kakesha na wagonjwa, halafu anaambiwa hivyo. Akaiacha picha mezani akaondoka, na tangu hapo simu yake ikawa inaita mpaka inakata.

Shangazi yake mpiga picha, mwenye studio, aliitazama ile filamu akaguna. Akamuuliza mwanga aliupima wapi. Kwenye gauni, kwa kuwa ndilo lililong'aa. Basi shangazi akamweleza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia, kwamba kipima mwanga hakijui nguo wala ngozi. Chochote unachokielekezea, chenyewe kinataka kiwe kijivu cha katikati. Toka weusi mtupu mpaka weupe mtupu kuna ngazi kama kumi, na mpigaji ndiye anayeamua kitu kikae ngazi ipi.

"Unaanza na kile usichotaka kukipoteza," akasema. "Wewe umeanza na nguo."

Alhamisi nesi akapokea simu, kwa kuchoka tu kuisikia. Akasema kesho asubuhi akitoka zamu, benchi la geti la hospitali, na asichelewe.

Safari hii mpiga picha hakumwambia atabasamu. Alikisogeza kipimo karibu na shavu, upande wenye kivuli, akasoma, akashusha ngazi moja ili ngozi ibaki nyeusi ilivyo na bado ionekane. Alipomaliza, nesi alikuwa ameshasinzia. Huko studio akaisafisha filamu kwa muda mfupi kidogo kuliko kawaida, weupe wa gauni usije ukameza mikunjo.

Jioni akampelekea mlangoni kwake. Gauni jeupe, kila mkunjo upo. Uvimbe chini ya macho upo, alama ya barakoa shavuni ipo.

"Nimechakaa hivi?"

"Umechoka hivi. Nilikuwa sikutazami. Nisamehe."

Nesi akaitazama tena picha. Wengi walishamwambia amependeza. Kwamba amechoka, hakuna aliyewahi kuliona. Akampigia mkubwa wake wa kazi, akasema haendi. Kisha akakaa kizingitini, akanyoosha miguu.

"Nivue viatu," akasema. "Mambo ya ndoa tutaongea nikiamka."