Alama ya Pasi Kwenye Nyasi

Kila alasiri, wanafunzi walipotoka darasani wakisukumana na kucheka, Kibuzi alishika njia peke yake hadi dukani kwa mama yake. Jina hilo la utani alilipata mara tu alipohamia shule ile. Mwenzake alimwuliza mama yake anauza nini, naye akajibu, "Nyasi." Darasa zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake.

Nyasi zenyewe hata mbuzi mwenye njaa asingezigusa. Zilikuwa nyasi bandia, za plastiki, zimeviringishwa kama mikeka minene na kusimamishwa ukutani. Baba alipofariki, mama alifunga virago, akahamia mji huu na binti yake, akaanza kuuza na kutandika nyasi hizo kwenye nyua na viwanja vya michezo. Majirani walipita mlangoni wakitania, "Mama Nyasi, leo umemwagilia?" Mama alicheka nao, lakini wateja walikuwa adimu. Mchana kutwa alizunguka mjini na vipande vya mfano mkononi, akimwacha binti yake alinde duka.

Siku moja Kibuzi alikuwa anapiga pasi sare yake. Duka halikuwa na meza, hivyo alitandika shuka sakafuni, kando ya nyasi za maonyesho zilizokuwa katikati ya chumba. Mara akasikia wasichana nje wakiruka kamba na kuimba. Aliiacha pasi palepale, akaenda dirishani. Alisimama ameegemeza paji la uso kwenye nondo, akisubiri angalau mmoja wao ageuke amwone. Hakuna aliyegeuka.

Harufu ya kuungua ndiyo iliyomrudisha. Pasi aliyoiacha imesimama kwenye shuka ilikuwa imeangukia nyasi, na alipoinyanyua aliona alama nyeusi, ngumu, ya ukubwa wa kiganja. Alivuta chungu cha maua kilichokuwa pembeni, akaifunika. Mama aliporudi jioni, amechoka hoi, Kibuzi hakusema neno.

Haukupita muda, mama akaja na mteja, mwalimu mkuu wa shule ya chekechea aliyetaka kutandikiwa uwanja mzima. Mama aling'ara kwa furaha. Mwalimu alipapasa nyasi, akavuta uzi mmoja mmoja, kisha akasogeza chungu ili aone vizuri.

"Na hii nini?" aliuliza.

Mama aliitazama ile alama. "Hata mimi ndiyo kwanza naiona, mwalimu."

"Unaficha kasoro chini ya maua, halafu unasema huijui? Mimi nina watoto wadogo pale." Mwalimu alichukua mkoba wake, akaondoka.

Mama alikaa chini, mgongo kwenye marobota ya nyasi. Kibuzi alimsogelea.

"Mama, ni mimi," alisema hatimaye. "Niliacha pasi, nikaenda dirishani kuwaangalia wanaoruka kamba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikitika. Na ukirudi unakuwa umechoka, hatuongei."

Mama alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anagundua jinsi mtoto alivyokonda. Kisha akafunga duka, wakaongozana hadi chekechea.

Mbele ya mwalimu mkuu, Kibuzi alieleza yote. Mama akaongeza, "Nami nina kosa langu. Nilikusifia nyasi, nisikwambie kwamba hazihimili moto. Pasi, makaa, sufuria ya moto, vyote viwe mbali. Pakiungua, tunakata pale tu na kuziba kwa kipande kipya."

Mwalimu alimgeukia Kibuzi. "Huwa unakaa peke yako kila siku?"

Kibuzi aliitikia kwa kichwa.

Mwalimu alikohoa kidogo. "Basi njooni mnitandikie uwanja wangu. Aliyeniambia ubaya wa bidhaa yake, huyo nitampigia simu hata mwakani nikiwa na kazi."

Kazi ilianza siku ya mapumziko. Vibarua walisawazisha udongo na kushindilia mchanga. Mama alikata nyasi kwa kisu, akaunganisha kingo kwa gundi. Kibuzi alifuata nyuma na brashi ngumu, akisimamisha nyuzi zilizolala. Hapakuwa na mtoto mwingine uwanjani, wote wako makwao, na kwa muda alijihisi mpweke kama kawaida. Kisha mama akaja, akapiga magoti kando yake.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ukiharibu kitu, niambie siku hiyohiyo, tutakitengeneza. Na ukiumia moyoni, niambie vilevile. Usinifiche hata kimoja."

"Naumia, mama," Kibuzi alisema.

Mama aliweka kisu chini, akakaa kumsikiliza.