Kufuli la Choo cha Wasichana

Sebule ya msusi haikosi watu. Huyu anasukwa, yule anangoja zamu, na wengine wamefuata umbea tu. Binti yake wa darasa la pili wanamwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki. Lakini siku hiyo Chiriku alikuwa kimya, amejikunja kwenye mkeka, mwili wa moto. Tena alikuwa ameanza upya kukojoa kitandani, ilhali alishaacha zamani.

Shangazi yake alisema mtoto kadeka. Anyimwe maji jioni, kisha atembezwe mtaani na godoro lake kichwani, atakoma. Wateja wawili wakaguna kukubali.

"Wifi," msusi akasema, vidole havijaacha kusuka, "ukitaka godoro litembezwe, libebe wewe."

Aliyekuwa akisukwa ni muuguzi wa zahanati, nusu ya kichwa imelala, nusu imetimka. Alimwita mtoto, akamuuliza taratibu. Chiriku akasema mkojo unamchoma, na tumbo linamuuma hapa chini.

"Huku si kudeka," muuguzi akasema. "Twende zahanati sasa hivi."

"Na nywele zako?"

"Nywele zitangoja. Figo hazingoji."

Zahanati walipima mkojo, wakakuta maambukizi. Muuguzi akaeleza kwamba vijidudu huingia katika njia ya mkojo. Visipotibiwa mapema, hupanda hadi kwenye figo na kuziachia makovu. Walipewa dawa, na mama akaonywa zimalizwe zote hata homa ikipoa. Mtoto anywe maji ya kutosha, ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na asibane mkojo.

"Mbona nabana kila siku," Chiriku akasema.

Ndipo yakatoka. Choo cha wasichana shuleni kilikuwa na kufuli. Kilifunguliwa mapumziko tu, na anayeomba ufunguo darasani huchekwa. Basi yeye aliacha kunywa maji.

Asubuhi msusi alifunga sebule, akaenda shuleni na wateja wake nyuma. Mwalimu mkuu alisema watoto wanachafua choo, ndiyo sababu kimefungwa.

"Mwalimu, wewe unakwenda haja kwa kengele?" msusi akauliza.

Mwalimu akaanza kupangapanga madaftari mezani. Msusi akaendelea:

"Wazazi tutakiosha kwa zamu. Ila hatuondoki hapa mpaka kufuli litoke."

Wakaketi kwenye ngazi za ofisi, wakapiga soga kama wako nyumbani. Kabla ya mapumziko kufuli lilikuwa limetoka. Wa kwanza kushika ndoo na brashi alikuwa shangazi.

Chiriku alimaliza dawa. Mkojo ulipopimwa tena ulikuwa safi, na kitanda chake sasa ni kikavu. Kelele zake zimerudi, hadi wateja wanaziba masikio. Chupa yake ya maji inarudi nyumbani tupu. Na akibanwa darasani, anasimama wima mbele ya wote.

"Mwalimu, naenda chooni."

Haombi. Anaaga.