Mguu Uliopewa Likizo

Kila asubuhi Fundi Suruali aliletewa chai kitandani. Binti yake alimvisha viatu. Mkewe hakutaka hata ainuke kufungua dirisha.

Fundi alikuwa amevunjika mguu. Plasta ilishatolewa. Daktari alisema mfupa umeunga, aanze mazoezi. Lakini nyumbani walimwonea huruma. Binti alitoa mkanda wa cherehani yake ya kukanyaga iliyokuwa nyumbani, akafunga mota ya umeme.

"Baba, wewe bonyeza tu pedali kwa mguu ule usiovunjika," alisema.

Paja likazidi kukonda. Akienda chooni tu, alihema. Na duka lake lilikuwa ghorofani. Mwenye jengo alishasema: asiporudi kabla ya mwisho wa mwezi ujao, chumba atapewa mtu mwingine. Fundi alikosa raha kabisa.

Siku moja jirani yao, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, alikuja kumjulia hali. Akaiona mota.

"Nani kaupa mguu likizo?"

"Mimi," binti alijibu. "Baba anaumwa."

"Mfupa umepona, mwanangu. Msuli ndio unaodhoofu. Ndani ya chembe za msuli kuna sehemu ndogo sana ziitwazo mitokondria. Zinageuza chakula kuwa nguvu. Msuli usipofanya kazi, zinapungua na kulegea."

"Msuli unajuaje kama nimekaa?" Fundi aliuliza.

"Chembe zina maagizo, yaani jeni. Zile karatasi zako za kukatia suruali ziko ukutani, sivyo? Bila kazi huzishushi. Jeni nazo zipo. Ila ukikaa tu, za kujenga mitokondria zinasomwa kidogo, na za kubomoa msuli zinasomwa zaidi. Ukikanyaga, mambo yanageuka."

"Basi kesho napanda ngazi!"

"Acha utani. Kidogo kidogo, kila siku. Ukiona uvimbe au maumivu makali, simama, niite."

Fundi akamgeukia binti. "Rudisha mkanda."

Siku ya kwanza alishona mfuko mmoja, akalowa jasho. Alikasirika, lakini hakuacha. Chai akaifuata jikoni mwenyewe. Mkewe aliinuka kumsaidia, akakumbuka, akakaa. Ilimuuma kumtazama.

Kabla ya tarehe ya mwenye jengo, walisimama chini ya ngazi za duka. Mkewe akanyoosha mkono.

"Nishikie funguo tu, mama," Fundi alisema.

Akapanda. Katikati akapumzika, akapanda tena. Chini, mkewe alikuwa analia kwa furaha.

"Mbona unachelewa?" Fundi aliita kutoka mlangoni. "Lete funguo, kuna suruali za watu humu!"