Chupa Ndani ya Ekzosi

Skuta ya Sarjono ilianza kunuka dawa. Haikuwa petroli wala oili iliyoungua. Ilinuka tangawizi, manjano na mchele uliolowekwa, harufu ya jamu, ile dawa ya mizizi aliyokuwa akiuza marehemu Bibi Sutinah mlango kwa mlango, chupa zake zikiwa kwenye kapu alilofunga mgongoni kwa kitambaa cha batiki.

Sarjono alizima injini, akaangalia huku na huku, akaivuta skuta mpaka sebuleni na kurudishia mlango.

"Mbona unaificha kama mwali?" mkewe, Tumini, aliuliza kutoka jikoni.

"Ekzosi inavuja. Naitengeneza."

"Tena? Wewe na hiyo ekzosi mngeoana tu, mimi nirudi kwetu Solo."

Kutengeneza huko ndiko kulikomponza Sarjono. Ekzosi ilipozibwa na masizi, aliona fundi atamchelewesha, akaifungua mwenyewe uani, akang'oa mabati ya ndani yanayopunguza sauti, akaichomelea upya. Ilipowaka ilinguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta, naye akafurahi kama mtoto.

Sasa uchochoro wao ulikuwa na sheria iliyoandikwa ukutani pale unapoanzia: shuka, zima, sukuma. Hata mwenyekiti wa mtaa husukuma, na kitambi chake kile. Siku hiyo Sarjono hakushuka. Alitaka kusikia kuta zikimrudishia ule mngurumo. Akapiga resi, akakata kona, na mbele yake alikuwa Bibi Sutinah na kapu lake. Hakumgusa. Ulikuwa mshtuko wa sauti tu. Bibi aliruka, mguu ukateleza, akaangukia mtaroni juu ya chupa zake.

Sarjono hakusimama. Alizunguka barabara kubwa, akarudi kwa upande wa pili akisukuma skuta iliyozimwa, mtu mwenye adabu zake. Walipomuuliza kama amekutana na mtu, alijibu, "Nimempita Parjo anakimbia." Parjo ni muuza mikate, na pikipiki yake kuukuu hukohoa njia nzima. Jina lilimtoka tu, na likishatoka halirudi. Vijana walilivunja sanduku la mikate la Parjo na kumkataza kukanyaga uchochoro ule. Bibi Sutinah hakuinuka tena. Sarjono alibeba jeneza lake, tena mbele, na aibu ya bega lile haijamwacha mpaka leo.

Tangu hapo alikuwa akiiziba ekzosi ili mngurumo wake usije ukatambulika. Aliishindilia pamba ya kioo, akabadilisha gasketi. Ikawa kimya, lakini ndani yake kikaanza kugonga kitu, kling, kling, kama chupa kwenye kapu la mtu anayetembea. Na kesho ilikuwa arobaini ya Bibi.

Adhana ya magharibi ilimkuta amepiga magoti na spana mkononi.

"Baba Ratri, weka vyuma chini," Tumini alisema kwa sauti ya chini. "Saa hizi ni za wenyewe, wasioonekana."

"Namalizia."

Aliingiza waya wenye ndoano kwenye bomba ili aitoe ile pamba. Waya ukanasa. Akavuta, na kilichotoka hakikuwa pamba bali ncha ya kitambaa kilicholowa cha kahawia, akavuta tena akidhani ni tambara alilolisahau mwenyewe, kikazidi kuja, cha batiki, chenye maua yale yale aliyoyaona asubuhi kwenye kamba ya kuanikia nguo ya Wuryani, binti wa marehemu, kikaja kirefu kuliko ekzosi yenyewe, kikajikunja magotini pake kikichuruzika maji ya manjano na vipande vya kioo, na mikono yake ikawa inavuta bila yeye kuiamuru, mpaka ndani ya bomba lile, injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa mfukoni mwake, kikongwe akauliza kwa upole kama alivyouliza kila asubuhi mlangoni pao:

"Chungu au tamu, mwanangu?"

Tumini aliisikia sauti ile. Hakupiga kelele. Alijitanda ushungi, akatoka kwenda kumwita Kiai Masduki, shehe wa mtaa.

Kiai alikuja akiburuta magoti yake mabovu. Kitambaa hakikuwapo tena. Maji ya manjano yalikuwapo. Aliomba Tumini awaache wawili, akasoma, akatega sikio kwenye bomba muda mrefu, kisha akamgeukia Sarjono.

"Huyu ni jini aliyekuwa akifuatana na marehemu. Bibi amekufa, yeye yupo. Anasema wewe unajua anachokitaka."

Sarjono akatazama sakafu. "Mtoe tu, Kiai. Nakuomba."

"Kumtoa naweza. Lakini ukweli usiposemwa, atatafuta bomba jingine. Kesho Wuryani atauliza mbele za watu. Mjibu."

"Watanifanya nini?"

"Walichomfanya Parjo, pengine. Yeye amekistahimili bila kosa."

Arobaini ilisomwa alasiri, mikeka imetandikwa uchochoroni. Parjo alikuja mpaka pale kwenye maandishi ya ukutani, akazima pikipiki, akashuka, akasimama na mfuko wa mikate ya kuchangia msiba. Kijana mmoja akamwambia, "Hujatosheka wewe? Geuza." Parjo aliuweka mfuko chini, akageuza, akaondoka akisukuma. Sarjono alimtazama mpaka akapotea, na moyo ulimuuma kweli.

Dua ilipokwisha, Wuryani alisimama. "Kama mama alimkosea mtu, tunaomba asamehewe. Na aliyemkosea mama, aseme tu. Sisi tumechoka kuchukia."

Kiai alimtazama Sarjono. Tumini naye, aliyeusoma uso wa mumewe tangu jana, alimtazama. Sarjono alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi.

"Tumemsamehe," alisema, pamoja na watu wote.

Walipofika nyumbani aliwasha skuta. Haikugonga wala kunuka. Ilikwenda laini kama imetoka dukani jana. Alicheka kwa ahueni, kicheko kikageuka kikohozi, akashika kifua. Humo kifuani, kling, kling.

Tumini alirudi nyuma hatua, mkono puani.

"Baba Ratri, umekunywa jamu? Umenunua kwa nani?"

Sarjono alitaka kusema hajanunua. Alitaka, sasa hivi, kusema yote. Lakini sauti iliyopanda kooni mwake haikuwa yake.

"Chungu au tamu, mwanangu?"