Fisi Mwenye Ufagio

Lifti ilikuwa imejaa mpaka mlango ukasita kufunga, na katikati ya watu hao kulikuwa na mtu anayelia kama paka.

"Huyo paka anashuka ghorofa ya ngapi?" akauliza fundi wa lifti, kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu yenye grisi kwenye viwiko.

Watu wakacheka. Msichana mwenye gauni la njano alitamani sakafu immeze.

"Ya saba, studioni," akajibu chini chini. "Nafanya mazoezi. Naingiza sauti kwenye katuni za wanyama, zile za zamani zisizo na rangi."

"Basi, Paka, ukikwama humu nipigie." Akampa namba.

Hakukwama, lakini alipiga.

Miezi mitano simu zao hazikupoa. Jumapili walikwenda kwa mama yake fundi, mfagizi wa hospitali, mwenye kicheko kizito na maneno aliyoyavuta mwishoni kama mtu anayekunja shuka pana. Paka alipenda kumsikiliza. Akirudi chumbani kwake aliyarudia maneno hayo mbele ya kioo, yasimponyoke.

Ndipo ikaja katuni ya jumba la Malkia Simba. Sauti zote za kike zilikuwa zake: ya malkia, na ya fisi anayefagia jumba zima huku akijikwaa kwenye ndoo.

"Fisi mpe lafudhi ya watu wa ufagio," msimamizi wa studio alisema. "Watu wacheke."

Alipofungua kinywa, sauti ilitoka ikiwa imeiva. Studio nzima ikacheka. Naye alifurahi.

Jumatatu tangazo la katuni likaonyeshwa kwenye televisheni ya ukumbi wa chini wa jengo. Fundi alikuwa juu ya ngazi, bisibisi mkononi. Jioni akapiga simu.

"Paka, yule fisi ni nani?"

"Fisi tu, mpenzi."

"Mimi namjua. Amenilea."

Ndipo Paka naye akaisikia sauti ya mama ndani ya ile ya fisi. "Sikukusudia. Nampenda mama, ndiyo maana..."

"Unampenda, ukamvalisha mkia."

Simu ikakatwa.

Siku mbili hakutulia. Alipanda ngazi ghorofa zote saba asikutane naye kwenye lifti, kisha akashuka kwa lifti akitumaini kumkuta. Studioni akazitoa katuni za rafuni, akaziangalia moja baada ya nyingine. Kunguru wapagazi, nyani wapishi, panya madobi: kila mwenye kazi ya kuinama alipewa lafudhi ya kuchekwa. Simba, tai na farasi walizungumza kama wasomaji wa taarifa ya habari.

Alhamisi akabisha kwa msimamizi. "Nataka kurekodi upya."

"Inaonyeshwa Jumamosi. Ukiiharibu, ndiyo kazi yako ya mwisho hapa."

Akavaa hedifoni, akasogea kwenye maikrofoni. Fisi akampa sauti yake mwenyewe, nyepesi, yenye haya. Malkia akampa ule uvutaji wa maneno wa mama, bila kutia chumvi.

Msimamizi alisikiliza akikuna kidevu. "Malkia hachekeshi."

"Hapaswi kuchekesha."

"Na fisi ananitia huruma," akanung'unika. Akairudisha sehemu hiyo, akaisikiliza tena. "Haya. Iache hivyo."

Jumamosi asubuhi, katuni ilipokwisha, Paka alikuwa ameshaizunguka meza ya chumbani kwake mara ishirini. Simu ikaita.

"Paka."

"Fundi."

"Mama ameangalia. Ana malalamiko."

Akakaa kitini. "Sema tu."

"Anasema yeye havuti hivyo. Malkia wako ana haraka. Uje Jumapili ujifunze vizuri."

"Itachukua Jumapili ngapi?"

"Mimi nina miaka thelathini na moja naye, bado najifunza." Akavuta pumzi. "Nilifikiri tuoane, upate muda wa kutosha."

Kabla hajajibu, sauti pana ilipenya kutoka nyuma, ikivuta kila neno. "Mwambie mwanangu aje. Mkia auache hukohuko."

Paka akacheka huku machozi yakimtoka, akainama chini ya kitanda kutafuta viatu, ingawa Jumapili ilikuwa kesho.